Kutumia Utafiti wa Elimu Kuboresha Mafunzo ya Madaktari Watarajali: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni kwa ajili ya madaktari bingwa, wasimamizi wa mafunzo na wakuu wa idara ambao wamejaribu kuboresha mafunzo ya madaktari watarajali, wale ambao Kenya huitwa madaktari wanagenzi, wakajikuta hawajasogea. Namna wanavyokwama hufanana mno. Semina ya siku moja huandaliwa, jaribio hutolewa asubuhi na jingine jioni, alama hupanda, vyeti hugawiwa, na baada ya miezi michache wodini mambo ni yale yale.

Tatizo hili limepimwa nchini Tanzania. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walifuatilia mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi 7 baadaye wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli wa kufundishia, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Hospitali hiyo hiyo ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kama ilivyoripotiwa mwaka 2015. Ulinganisho huo ulikuwa wa kabla na baada, bila kundi lililogawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hauthibitishi kila kitu. Lakini unatosha kutuonyesha pa kuanzia.

Hatua zinazofuata zimepangwa ili mtu mwenye idara ya kawaida, yenye wagonjwa wengi na muda mchache, aweze kuzitekeleza.

## Vinavyohitajika

- Mtu mmoja mwenye dhamana, ambaye hatahamishwa idara katika miezi 6 ijayo.
- Muuguzi au mkunga mzoefu wa idara, atakayeshiriki tangu siku ya kwanza ya kupanga.
- Dakika 5 hadi 10 ndani ya ratiba iliyopo, kwa mfano mwanzoni mwa mkutano wa asubuhi au wakati wa kukabidhiana zamu.
- Daftari moja la kumbukumbu na kalamu. Jedwali la kompyuta ni zuri, ila daftari halikatikiwi umeme.
- Orodha hakiki ya ukurasa mmoja, inayoonyesha kazi inavyotakiwa kufanyika.
- Kifaa cha mazoezi iwapo kosa unalolenga ni la mikono: mdoli, mfuko na barakoa, au hata kipande cha nyama cha kushonea.
- Intaneti ya kutafutia makala. Hifadhi ya PubMed hutafutwa bure, na vyuo na hospitali nyingi za Afrika Mashariki zinaweza kupata majarida ya kulipia kupitia mpango wa Hinari. Mkutubi wa chuo kilicho karibu nawe ndiye wa kumwuliza nywila.

Bajeti ya semina haimo katika orodha hii, na haikusahaulika.

## Hatua ya 1: Chagua kosa moja linaloonekana kando ya kitanda

Usianze na mada. “Kuboresha elimu ya watoto wachanga” ni mada. Haiwezi kupimwa na haina mwisho. Anza na tendo ambalo mtarajali analikosea, ambalo mtu aliyesimama pembeni anaweza kuliona kwa macho: mtoto asiyepumua hapati pumzi ya kwanza ya mfuko na barakoa ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa, ile inayoitwa dakika ya dhahabu.

Kosa hilo utalipata wapi? Waulize wauguzi kwanza, kwa sababu wao huona kila kundi la watarajali likija na kuondoka, na wanajua makosa yanayojirudia kuliko bingwa anayepita raundi asubuhi. Kisha soma taarifa za vikao vya kujadili vifo. Mwisho, waulize watarajali wenyewe wanaogopa nini wanapokuwa zamu ya usiku peke yao.

Kabla ya kuendelea, jiulize kama kosa hilo kweli linatokana na kutofundishwa. Ikiwa barakoa ya mtoto mchanga imefungiwa kabatini na ufunguo anao msimamizi aliyekwenda nyumbani, hakuna mbinu ya kufundisha itakayosaidia. Miradi mingi ya elimu hufa kwa kutibu upungufu wa vifaa kwa mihadhara.

Utajua hatua imekamilika pale unapoweza kuliandika kosa kwa sentensi moja yenye tendo, mahali na muda, na muuguzi akaisoma bila kuomba ufafanuzi.

## Hatua ya 2: Pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya kufundisha. Wakiulizwa baada ya nusu mwaka kama kuna nafuu, hujibu kwa hisia.

Chagua kipimo kimoja kikuu. Katika mfano wetu, mkunga anaangalia saa ya ukutani mtoto anapozaliwa, na anaandika sekunde zilizopita hadi pumzi ya kwanza ya mfuko. Kwa tatizo la aina nyingine, chukua mafaili 20 ya mwezi uliopita na uhesabu ni mangapi yaliyo na jambo unalolitafuta, kwa mfano kipimo cha potasiamu kabla ya kuanza insulini ya mshipa. Pima kwa wiki 6 hadi 8, ukiandika nambari moja kwa kila wiki.

Mtu anayejua kwamba anaangaliwa hujitahidi kuliko kawaida yake. Kwa hiyo acha wiki mbili za kwanza za uangalizi zipite hadi watu wazoee kuona daftari, ndipo uanze kuhesabu. Pia usitumie hojaji ya kujiamini kama kipimo kikuu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na David Davis na wenzake yalikusanya milinganisho 20 kati ya namna madaktari wanavyojipima wenyewe na namna wanavyopimwa na wengine. Katika 13 uhusiano ulikuwa mdogo, haukuwapo kabisa, au ulikwenda kinyume. Mtarajali anayesema “naweza” amekueleza anavyojihisi, na si zaidi.

## Hatua ya 3: Tafuta utafiti, kisha uuhoji

Maneno ya kutafutia hayana budi kuwa ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya hifadhi hizo. Unganisha vitu vitatu: mwanafunzi, mbinu na matokeo. Anza na makala za mapitio, ambazo hukusanya tafiti nyingi pamoja. BEME, mtandao wa kimataifa unaokusanya ushahidi kuhusu ufundishaji, umechapisha mapitio ya namna hiyo yanayohusu elimu ya udaktari na ya taaluma nyingine za afya. Ukipata tatu zinazokaribia tatizo lako, inatosha. Mtu anayeendelea kusoma hadi makala ya 40 mara nyingi anaahirisha kazi.

Kila makala uiulize maswali manne.

Kwanza, walifundishwa akina nani? Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa maabara hayuko katika hali ya mtarajali aliyekesha.

Pili, mbinu ililinganishwa na nini? Hili ndilo swali linalofichua udhaifu wa tafiti nyingi. Kufundisha, kwa namna yoyote ile, karibu kila mara hushinda kutofundisha. Utafiti unaolinganisha mbinu mpya na kukaa bure haujakuambia kama mbinu hiyo ni bora kuliko unayoitumia sasa.

Tatu, kilipimwa nini, na lini? Donald Kirkpatrick aliyagawa matokeo ya mafunzo katika ngazi nne: walivyoyapokea, walichojifunza, wanavyotenda kazini, na kinachompata mlengwa wa mwisho, ambaye kwetu ni mgonjwa. Utafiti ulioishia ngazi ya kwanza usikushawishi kubadilisha ratiba ya idara.

Nne, iligharimu nini? Mbinu iliyohitaji wakufunzi 6 kwa wanafunzi 12 inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikufae.

Kuna imani moja utakayokutana nayo kwenye karibu kila semina ya walimu: kwamba kuna wanaojifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake waliuchunguza ushahidi wake mwaka 2008, wakakuta hautoshi kuhalalisha ufundishaji wa namna hiyo. Usipoteze muda kuwagawa watarajali kwa mitindo.

## Hatua ya 4: Linganisha mbinu na aina ya kosa

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Makosa ya watarajali huwa ya aina tatu, na kila aina ina ushahidi wake.

Kosa la kusahau. Mtarajali alisoma, alifaulu, na sasa hakumbuki. Dawa iliyothibitishwa ni kumfanya atoe jibu kichwani mwake mara kwa mara, badala ya kumrudishia somo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Angalia vizuri tofauti hiyo, kwa sababu inaeleza kwa nini jaribio la jioni ya semina hudanganya.

Je, hali ni hiyo hiyo kwa madaktari? Douglas Larsen na wenzake, huko St. Louis nchini Marekani, waliwajaribu madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa watoto na wa dharura, kwa mada mbili, mojawapo ikiwa degedege lisilokoma. Baada ya takriban miezi 6, mada zilizorudiwa kwa majaribio zilipata wastani wa asilimia 39, na zilizorudiwa kwa kusoma asilimia 26. Asilimia 39 si alama ya kujivunia, lakini pengo la alama 13 kwa kutumia muda ule ule si dogo.

Wodini fanya hivi: mwanzoni mwa mkutano wa asubuhi toa maswali matatu mafupi, ya kuandika jibu na si ya kuchagua. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila jina. Toa majibu papo hapo na ueleze sababu. Rudisha maswali yale yale baada ya wiki 2 na baada ya wiki 4. Usimwite mtu mmoja kujibu mbele ya wote, maana aliyeitwa ataona aibu na waliobaki hawatafikiri.

Kosa la mikono. Hapa la muhimu ni kuyagawa mazoezi. Carol-Anne Moulton na wenzake, mjini Toronto, waliwafundisha madaktari 38 wa upasuaji kuunga mishipa midogo ya damu. Kundi moja lilipata vipindi vinne kwa siku moja, jingine kipindi kimoja kila wiki kwa wiki nne. Mwezi mmoja baadaye, waliogawiwa mazoezi walifanya vizuri zaidi katika vipimo vingi. Idadi ya vipindi ilikuwa sawa.

Jambo la pili ni kuweka kiwango cha kufuzu kabla ya kumgusa mgonjwa. Huko Chicago, madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa walizuiwa kuweka katheta, yaani mrija, ya mshipa mkubwa wa damu hadi wafikie alama iliyowekwa kwenye mdoli, hata kama ni kwa kurudia. Katika chumba cha wagonjwa mahututi walichoingia, maambukizi ya damu yatokanayo na katheta yalishuka kutoka 3.20 hadi 0.50 kwa kila siku 1,000 za katheta. Muda wa kujifunza ulitofautiana kati ya mtu na mtu, kiwango hakikutofautiana. Sisi hufanya kinyume: muda ni sawa kwa wote, na kiwango kila mtu na chake.

Kwa mfano wetu, weka mdoli, mfuko na barakoa kwenye meza ndani ya chumba cha kujifungulia. Kila anayeingia zamu afanye zoezi moja la dakika 3 hadi 5 pamoja na mkunga kwa kufuata orodha hakiki, angalau mara moja kwa wiki. Zoezi lifanyike na timu ile ile itakayokuwa zamu, kwa kuwa mtoto halisi hupokelewa na timu.

Kosa la uamuzi. Mtarajali ana maarifa na mikono yake ni sawa, ila hajui afanye nini kwa mgonjwa huyu, leo. Kwa kosa hili ipo mbinu fupi iliyochapishwa na Jon Neher na wenzake mwaka 1992, inayotoshea ndani ya raundi. Ina hatua tano, nazo zikisemwa kwa Kiswahili cha wodini huwa hivi:

1. “Daktari, unadhani huyu mama ana nini, na ungeanza na nini?” Mwache ashike msimamo. Nyamaza, hata kama ukimya unakera.
2. “Umeona nini kilichokupeleka huko? Kuna kingine ulichokifikiria ukakiacha?”
3. Fundisha kanuni moja tu, inayoweza kutumika kwa mgonjwa mwingine kesho.
4. Taja alichofanya sawasawa, kwa kukitaja hasa. “Umefanya vizuri” pekee haimfundishi kitu.
5. Sahihisha kosa na useme la kufanya badala yake.

Bingwa wengi huanza na hatua ya tatu na kuishia hapo hapo. Wakifanya hivyo hawagundui kamwe mtarajali alikuwa anawaza nini.

## Hatua ya 5: Waandae wanaofundisha

Mpango wako utatekelezwa na watu ambao hawakusoma makala ulizosoma. Wape saa moja, na nusu yake iwe ya mazoezi ya kutoa mrejesho.

Sababu ya kusisitiza mrejesho ni kwamba una madhara yake. Uchambuzi mkubwa wa Avraham Kluger na Angelo DeNisi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyakusanya, mrejesho ulishusha utendaji. Unaelekea kuharibu pale unapoielekeza akili ya mtu kwenye nafsi yake badala ya kazi iliyo mbele yake. “Wewe ni mzembe” ni mrejesho kuhusu nafsi. “Barakoa imefunika jicho la mtoto, ndiyo maana hewa inavuja, ishushe chini na uinue kidevu” ni mrejesho kuhusu kazi.

Zipo idara ambamo mkunga hathubutu kumsahihisha daktari, hata daktari wa mwezi wa kwanza. Mkuu wa idara aseme hadharani, mbele ya watarajali, kwamba kwenye meza ya mazoezi neno la mkunga ndilo la mwisho. Bila tamko hilo mazoezi yatageuka sherehe ya kutia saini.

Hatua imefanikiwa pale unapopita bila kutarajiwa, ukasikia mwalimu akitaja tendo mahususi, na mtarajali akilirudia papo hapo hadi likae.

## Hatua ya 6: Shughulikia kibali na hofu ya watarajali

Ikiwa lengo ni kuboresha idara yako tu, uongozi wa hospitali kwa kawaida hutosha kuidhinisha. Ikiwa unakusudia kuchapisha, omba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kabla ya kuanza kukusanya takwimu, kwa sababu majarida mengi hayakubali kibali cha baada ya kazi. Tanzania Bara mahali pa kuuliza ni kamati ya taasisi yako na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Lakini kibali cha karatasi hakimalizi jambo. Mtarajali hawezi kwa uhuru kumkatalia mtu atakayemtilia saini kitabu chake cha mafunzo. Kwa hiyo takwimu zikusanywe na mtu asiyemsimamia, majina yabadilishwe kuwa namba, na iandikwe wazi kwamba matokeo hayataingia kwenye tathmini yake ya mwisho wa mzunguko. Wakishuku kwamba daftari ni la kuwakamata, utapata daftari safi na wodi isiyobadilika.

## Hatua ya 7: Pima kwa kuchelewa, tena kazini

Usipime siku ya mafunzo. Endelea na nambari ile ile ya kila wiki uliyoanza nayo katika hatua ya pili, kwa muda usiopungua miezi 6.

Watarajali 10 au 15 ni wachache mno kwa hesabu za takwimu za kulinganisha makundi mawili. Ukizilazimisha utapata jibu lisilo na maana upande wowote. Chora mchoro wa wakati: wiki kwenye mstari wa chini, kipimo kwenye mstari wa wima, na mstari wa kati uliotokana na wiki za mwanzo. Vituo 6 au zaidi vikifuatana upande mmoja wa mstari huo, kuna mabadiliko ambayo si rahisi kuwa ya bahati. Kituo kimoja kizuri, hata kama kinapendeza namna gani, kiache kipite.

Andika pembeni ya mchoro kila tukio linaloweza kuvuruga matokeo: kundi jipya la watarajali, upungufu wa barakoa, mgomo, mkunga mkuu kwenda likizo. Kundi jipya ndilo jaribio la haki kuliko yote, kwa kuwa wale uliowafundisha mwanzoni wameondoka. Nambari ikibaki palepale baada yao kuondoka, mazoezi yamekuwa sehemu ya kazi ya idara. Ikianguka, ulichokuwa nacho ni kundi zuri la watarajali.

Hesabu pia mazoezi yenyewe, kwamba yalifanyika mangapi kati ya yaliyopangwa. Mbinu ikionekana imeshindwa huku mazoezi yaliyofanyika ni robo ya yaliyopangwa, huwezi kusema mbinu haifai, kwa sababu haikutumika.

## Hatua ya 8: Amua

Baada ya miezi 6 keti na mkunga, mkuu wa idara na watarajali wawili, mchoro ukiwa mezani. Ikiwa kipimo kimeboreka na mazoezi yamefanyika, yaingize kwenye ratiba rasmi ya idara na umkabidhi mtu mwingine ayasimamie. Ikiwa mazoezi hayakufanyika, tafuta kilichoyazuia. Mara nyingi ni saa iliyochaguliwa, na kuyahamisha kutoka asubuhi hadi makabidhiano ya jioni kunatosha. Ikiwa yalifanyika ipasavyo na kipimo hakikusogea, rudi hatua ya kwanza uulize upya kama kosa ni la kufundishwa au la vifaa, kisha uache mbinu hiyo bila kuona haya na uandike kwenye daftari ni kwa nini umeiacha, ili atakayekuja baada yako asianze tena pale pale.